Kipaza Sauti cha Mbele na Nyuma

Hebu niambie. Unaye mjukuu wa kike, umri wa kuolewa ameshaufika, mmekaa uani mnakuna nazi, mara anakwambia, "Bibi, bila Maiki mimi hapa sitaanza chochote." Wewe utafikiri nini?

Na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Niliacha kukuna. Nikamuuliza kwa upole, maana watoto wa siku hizi ukiwafokea wanakuficha mambo, "Mama, huyo Maiki ni mtu wa bara?"

Akasema, "Zinatoka mbali, Bibi, lakini Mombasa zimejaa tele."

"Zimejaa?" nikasema. "Kwani wewe unawataka wangapi?"

Sasa wifi yangu alikuwa amejinyoosha upenuni, leso usoni, sisi tukidhani yuko usingizini. Kumbe yuasikia yote. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akakaa kitako akijipiga kifua. "Wifi," akasema, "mtoto anataka kile kidude cha kuimbia. Wewe umeshakaa unakula mahari yake."

Huyu wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Nilipoletwa hapa Msambweni kama bibi harusi, yeye ndiye aliyenipokea mlangoni, na siku ya tatu akawatangazia watu kwamba wali niliopika unafaa kunywewa. Tangu hapo hatukuachana. Aliolewa akaachika, akarudi nyumba ya kaka yake, ndiyo nyumba yangu, na mume wangu alipofariki tukabaki wawili na jiko moja. Siku tusipogombana, jirani huja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Mimi kwa kuwa nimechekwa, nikaona lazima na mimi nitoke na changu. Nikamgeukia mtoto. Nikamwambia Maiki ni jina la mtu, kile kidude kina jina lake la Kiswahili, ni kipaza sauti. Maneno ya Ukunda ayaache hukohuko Ukunda, hapa kwangu aseme vizuri.

Wifi akasema, "Msikilizeni mwalimu wa darasa la pili."

Kweli, darasa la pili ndipo nilipofika. Lakini Kiswahili changu hakuna wa kunifundisha. Mtoto naye ana adabu zake, akasema, "Haya, Bibi. Kipaza sauti." Na tangu siku ile hakulitaja tena jina la Maiki mbele yangu, hata mara moja.

Ningemwacha tu aseme Maiki.

Nikueleze kwanza tulikuwa tukiimba nini, maana hata hilo vijana hawalijui. Kwetu bwana harusi akija kumchukua mkewe, haingii tu kama anayeingia dukani. Mlango umefungwa. Wanawake wa upande wake wanasimama nje wanapiga hodi kwa wimbo, na wanawake wa bibi harusi wako ndani wanajibu kwa wimbo, na mlango haufunguliwi mpaka wa ndani waridhike. Mimi na wifi tulikuwa tukiitwa kwa kazi hiyo. Mimi nasimama na wa nje, yeye anaingia na wa ndani. Maneno yangu ni yale yale miaka yote: Hodi wenye nyumba, mgeni amesimama. Hayabadiliki. Yeye sasa. Majibu yake yalikuwa hayana mwisho. Bwana harusi akiwa dereva, anajibiwa ya dereva. Mama mkwe akiwa mchoyo, anajibiwa uchoyo wake, mpaka mwenyewe anacheka hana pa kujificha. Kuna harusi moja Shimoni, bwana harusi alikuwa mrefu hajapata kuonekana, nami nikapiga hodi yangu, nikasikia kutoka ndani ile sauti nyembamba, safi: Na aingie yeye leo, miguu yake imalizie kuingia kesho. Watu walikaa chini kwa kucheka. Bwana harusi mwenyewe aliinama kupita mlangoni huku anajifuta macho.

Tumeimba Shimoni, tumevushwa Mkwiro, tumepandishwa Kwale kwa watu wa ofisi waliovaa tai. Na hakuna hata jibu moja lililoandikwa. Wifi kusoma hajui kabisa, mimi namshinda madarasa mawili, na nilimkumbusha kila nilipopata nafasi. Alikuwa akitunga palepale mlangoni. Kesho yake ukimuuliza, "Jana ulimjibu nini yule mama?" anakwambia, "Sijui, uliza mlango." Lakini ukianza wewe, ukipiga hodi tu, mdomo wake unakumbuka wenyewe. Unatoa la jana, la juzi, la miaka ishirini nyuma, na jipya juu yake. Ilikuwa lazima tuwe wawili. Mimi peke yangu nina mstari mmoja tu.

Basi kile kikohozi cha siku ya Maiki hakikuwa cha kicheko. Sauti yake ilianza kukwaruza. Tukapika tangawizi, tukatia asali na ndimu, akasukutua maji ya chumvi. Nikamwambia ni maneno mengi yamemkwama. Mwisho mtoto akatupeleka hospitali, Mombasa. Daktari alikuwa mama mpole, akatueleza polepole. Uvimbe umekaa kooni, penye kisanduku cha sauti. Ukiachwa, utaziba pumzi. Ukitolewa, utatoka pamoja na kisanduku chenyewe. Ataishi, akasema, na atakula, lakini sauti haitakuwepo.

Wifi akamuuliza, "Na kuimba?"

Daktari akanitazama mimi.

Tukaambiwa tungoje nafasi ya kitanda, tutapigiwa simu, huenda ikachukua wiki tatu. Na huku anangoja asiongee sana. Kwenye feri tulisimama tukitazama maji, kisha wifi akanigusa kwa kiwiko. "Furahi basi, wifi. Utapata zamu yako ya kusema." Ndiyo mara ya kwanza yeye kunishinda bila mimi kurudisha.

Mjukuu wangu huyu anafanya kazi kwenye hoteli Diani, kazi ya kuunga nyaya za wanamuziki na kuwapimia sauti. Siku nyingi alikuwa na hamu ya kufungua studio yake mwenyewe ya kurekodi, aanze kidogokidogo na vijana wa hapa. Alikuwa hana haraka. Lakini tuliporudi kutoka Mombasa alikaa kwenye kizingiti, akavua viatu, akasema, "Bibi, studio nitaifungua sasa hivi, na wa kwanza kuingia ni nyinyi wawili. Kabla simu haijaja."

Hapo tukaanza kuchagua vyombo, na nikwambie kweli, mwanzoni nilifurahi kama ninayepamba harusi.

Kwanza chumba. Mtoto alipita nyumba nzima akipiga makofi. Anaingia chumbani, anapiga kofi moja, anasikiliza, anatoka. Nikamwambia wifi huyu amepagawa. Kumbe anasikiliza ukuta unarudisha vipi. Chumba cha wageni kikarudisha kofi kama kisima. Chumba changu vivyo hivyo, na juu kuna bati, mvua ikinyesha ni balaa. Mwisho akaingia stoo, tunapoweka nazi na magunia ya makumbi ya kuwashia moto. Akapiga kofi. Kofi likafa palepale. Akapiga tena, akatoka anacheka.

"Bibi, haya makumbi ni nani aliyeyapanga?"

"Mimi. Nikuondolee?"

"Usiguse hata gunia moja."

Alikuwa anataka kuagiza sponji za kubandika ukutani, za kutoka nje. Makumbi ya minazi yangu yakamtosha. Tulipanga magunia mpaka kichwani, pande zote nne, tukatandika mikeka miwili chini, na mlangoni tukaning'iniza godoro kuukuu la sumba, zile nyuzi za makumbi. Ukiingia humo ukasema neno, unalisikia limekaa mdomoni mwako, haliendi popote. Wifi aliingia, akasema kwa sauti yake ya kukwaruza, "Kama kaburi," mimi nikamwambia anyamaze, daktari amesema asiongee.

Kompyuta alikuwa nayo. Vya kusikilizia masikioni alileta aina mbili nijaribu. Kimoja chepesi, kina matundu nje, masikio yanapumua. Kingine kimefunika sikio lote kama bakuli. Mimi nilitaka chepesi, joto la kwetu unalijua. Akanivalisha, akawasha muziki, akaniambia nimwangalie wifi. Wifi akaanza kutingisha bega, akiufuata muziki ulio masikioni mwangu, yeye amekaa kule. Nikajua chepesi kinavuja, na kinachovuja kingeingia kwenye wimbo wetu. Tukachukua vile vya bakuli. Nilivivaa juu ya mtandio, nikatokwa jasho, na nikasikia pumzi zangu mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani.

Kisha kikaja hicho kipaza sauti chenyewe.

Mtoto alitaka aturekodi mmoja mmoja. Niimbe mimi leo, wifi aimbe kesho, yeye atatuunganisha kwenye kompyuta. Alisema hivyo ndivyo wanavyofanya wote.

Wifi akamwambia, "Yeye asipokuwepo, mimi nimjibu nani? Gunia la makumbi?"

"Utamsikia masikioni, Bibi."

"Sauti ya bibi yako naijua, haitoshi. Lazima nimwone uso anavyojidai. Ndiyo maneno yanakuja."

Mlangoni hatukuwa tukionana, lakini mlango wa mbao una nyufa, na yeye alikuwa akinichungulia. Miaka yote hiyo sikujua. Ananiambia leo, mbele ya mtoto.

Mtoto akafikiri, akatafuta kwenye simu yake, akasema kipo cha aina nyingine. Vingi vinasikia upande mmoja tu, ule unaoimba. Lakini kiko kinachosikia mbele na nyuma. Kikisimamishwa katikati, mimi nikisimama huku na wifi kule, tutatazamana uso kwa uso, na sauti zetu zitaingia pamoja, hata ikiwa moja ni ndogo. Na ya wifi ilikuwa imeshakuwa ndogo. Tukakubaliana. Akapiga simu duka moja la Ukunda, mwenye duka akamwambia kimebaki kimoja.

Hotelini wageni walikuwa wengi, zamu zikambana. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumapili tu. Ijumaa akanipigia simu. "Bibi, niende nikose kazi, au utanisaidia? Nenda Ukunda, sema unataka kipaza sauti kinachosikia mbele na nyuma. Au ngoja nikutumie picha kwenye simu ya jirani, umwonyeshe."

Nikamwambia, "Picha ya nini? Mimi sina mdomo?"

Nikavaa buibui langu nikaenda. Mwenye duka hakuwepo, ameenda kula. Pale palikuwa na jamaa mmoja mnene, mtu wa bara, anafanya kazi hapo.

"Sema, mathe," akaniambia.

"Mimi si mathe. Kwanza nisalimie."

Akacheka. "Shikamoo, mama. Nikusaidie na nini?"

"Marahaba. Nataka kipaza sauti."

"Ya ndani ama ya nje?"

Mimi na akili zangu za mlangoni nikamjibu, "Mimi wa nje, mwenzangu wa ndani. Nataka kimoja kinachosikia mbele na nyuma."

"Inasikika mbele na nyuma."

"Eeh. Mwenzangu sauti yake imekuwa ndogo. Nataka isikike."

"Hiyo usijali kabisa. Ukiwasha hii, hata mtu wa Lunga Lunga atamsikia."

Nikacheka, nikamwombea dua. Akaniletea katoni, imefungwa kwa tepu, ina maandishi ya Kichina. Nzito. Nikaipima mkononi nikaona huu uzito ni wa kitu cha maana. Akauliza, "Tuifungue tujaribu?" Nikamwambia hapana, ataifungua mjukuu wangu mwenyewe, ndiye mwenye studio, ndiyo furaha yake. Nikaipakata mpaka nyumbani kama mtoto mchanga. Kwa siku mbili katoni ile ilikaa juu ya kabati langu, nami kila nikipita naifuta vumbi.

Nasema, yeye alisema inasikika, mimi nilisema kinachosikia. Herufi moja tu, na mimi nimesimama pale na Kiswahili changu chote, sikuisikia.

Jumapili ikafika. Jogoo nilimpeleka kwa jirani tangu asubuhi. Feni tulizima. Wifi hakuwa amesema neno wiki nzima, alikuwa anaiweka ile sauti kidogo iliyobaki kama unavyoweka maji ya kutawadhia siku mifereji imekauka. Akitaka chai anagonga kikombe. Akitaka kunitukana anatikisa bangili, nami najua ni tusi gani. Siku hiyo alivaa leso mpya, jozi ambayo haijatoka hata mara moja, akajipaka wanja. Wanja, wa kurekodiwa sauti. Sikumcheka.

Mtoto akakata tepu. Akafungua katoni. Akatoa kitu cha kijivu, tarumbeta mbili kubwa zimeshikana migongo, kila mdomo upana wa sufuria ya pilau. Zile zinazofungwa juu ya gari, moja inatazama mbele, nyingine nyuma, zinapita barabarani zikiwatangazia watu mkutano.

Mtoto akakiweka mkekani polepole. "Bibi, uliwaambiaje?"

"Kama ulivyoniambia. Kipaza sauti."

Akafunga macho. "Na hiki ni kipaza sauti, Bibi. Vyote viwili vinaitwa hivyo. Kile cha kuingizia sauti na hiki cha kutolea."

Wifi alizitazama zile tarumbeta, akanitazama mimi, na akatumia sauti yake aliyoiweka wiki nzima. "Wifi," akasema, "nagombea kiti gani?"

Tulicheka. Wallahi tulicheka, watatu sote, na mimi machozi yangu hayakuwa ya kicheko.

Duka lilikuwa limefungwa, mwenyewe yuko kanisani, simu imezimwa. Sasa najua unataka kuniuliza. Simu ya mtoto ilikuwepo pale mkekani, ile ya kupangusa, na inanasa sauti. Sote watatu tuliiona. Mtoto hata aliinyooshea mkono. Wifi akaikataa kwa kichwa, maana alishawahi kujisikia kwenye simu, kwenye harusi moja, akasema yuko kama kuku ndani ya debe. Akajishika ile leso mpya, akatuonyesha wanja, kama anayesema, hivi nimejipamba kwa ajili ya simu? Mtoto akasema kesho atakibadilisha, na Jumanne ataomba ruhusa. Jumanne si mbali. Nami ndiye niliyepaswa kusema, hapana, simu hiyo hiyo, sasa hivi. Nilikuwa na haya. Mtu aliyekosea hapendi kuamua. Nikasema, "Jumanne, inshallah."

Jumatatu saa mbili asubuhi hospitali wakapiga simu. Kitanda kimepatikana, aje leo hii, akikosa leo hawajui kingine kitapatikana lini, na uvimbe haungoji. Mtoto alitoroka kazini akaenda Ukunda na ile katoni kichwani, akarudi na kile chenyewe, kinachosikia mbele na nyuma. Alikifikisha nyumbani alasiri. Mimi na wifi tulikuwa tumeshavuka feri.

Kesho yake kabla hawajaja kumchukua kwenda kupasuliwa, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Wodi imejaa. Wifi akanivuta mkono, akasema kwa ile sauti ya karatasi, "Anza."

Nikamwambia, "Hapa kuna wagonjwa."

"Anza, wifi."

Nikapiga hodi. Kwa sauti ya chini kabisa, hodi wenye nyumba, mgeni amesimama. Na akanijibu. Alinijibu jibu zima, la wodi ile, la madaktari na visu vyao, jipya kabisa, na wale wanawake kwenye vitanda wakacheka, mmoja akajishika mshono. Nesi aliyekuwa anasukuma kigari alisimama akacheka. Mimi nilikuwa nalia. Simu yangu ni ya kubonyeza, haijui kunasa kitu. Na mimi kichwa changu ni cha hodi tu, hakikujaliwa kushika majibu. Nimejaribu. Nikiwa jikoni nimejaribu, nikisali nimejaribu. Nakumbuka walivyocheka. Alichosema sikikumbuki.

Nilirudi wiki ile ile kumuuliza nesi. Hakukumbuka naye.

Alhamdulillahi, wifi alipona. Alirudi nyumbani akiwa mwembamba, ana tundu dogo hapa shingoni anapopumulia, analifunika kwa mtandio mwepesi. Anakula vizuri, na wali wangu bado anausukuma pembeni ya sahani ili nione. Bangili zake zinanitukana kutoka asubuhi. Lakini nyumba imekuwa kubwa. Nilikuwa nikimwombea Mungu anyamaze walau dakika kumi, na wewe usiombe hivyo.

Mtoto hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Studio ilianza. Vijana walikuja, kutoka Ukunda, kutoka huko juu kwa watu wa mashamba, mmoja akawa anakuja kuimba nyimbo za kanisa na mama yake. Wanasifu makumbi yangu. Mimi nawapikia chai, wanakunywa, na stoo siingii. Nikitaka makumbi ya kuni namtuma mtu. Kile kidude kilikuwa kimesimama humo katikati kwenye mguu wake, chembamba, hakifiki hata urefu wa mwiko, kinatazama huku na kule.

Mpaka asubuhi moja, miezi kadhaa baadaye, mtoto yuko mapumzikoni anafagia studio, wifi akanijia jikoni. Amevaa ile leso. Akanishika kifundo cha mkono akanivuta. Nikamwambia, "Niache, nina samaki motoni." Akazima jiko. Akanivuta mpaka stoo, akalisukuma godoro, akanisimamisha upande mmoja wa kile kidude, yeye akaenda upande wa pili. Akamwashiria mtoto. Mtoto akatutazama, akaweka ufagio chini, akavaa vile vya masikioni bila kuuliza.

Tulikuwa uso kwa uso. Wifi akainua kidevu, maana yake, anza.

Nikapiga hodi.

Akafungua mdomo akanijibu. Mdomo unakwenda, mikono inakwenda, macho yananicheka, na sauti hakuna. Ilitoka pumzi tu, pale shingoni, chini ya mtandio. Mimi nikataka kuacha. Akanitikisia bangili. Desturi ni hodi tatu, nikapiga zote tatu, na mara zote tatu akanijibu mpaka mwisho, wala hakukata mahali.

Tulipomaliza mtoto alikuwa amelowa uso. Akatuvalisha vya masikioni, mimi upande mmoja, wifi upande wa pili, akaturudishia. Nikajisikia mwenyewe, mzee, nakwaruza. Kisha pumzi. Hodi ya kwanza pumzi fupi. Ya pili ndefu, ina vituo, kama mtu anayemsimulia mama mkwe mambo yake yote. Ya tatu mwishoni ilikatika katika vipande vidogovidogo, haraka haraka, na nikajua hapo ndipo penye mzaha, hapo ndipo watu wangeanguka. Nikajua kila kitu isipokuwa maneno.

Kwenye kioo cha kompyuta mtoto alituonyesha sauti zilivyokaa. Yangu mistari minene, milima na mabonde. Ya wifi uzi mwembamba, unauona ukiinama. Sasa wale vijana walishawahi kunieleza kwamba mjukuu wangu ana mkono mzuri wa kusafisha. Mwimbaji akivuta pumzi, yeye huzitafuta zote kwenye mashine akazifuta, wimbo ukatoka laini. Na tena kuna binti mmoja wa Diani, sauti yake nzuri kweli, alishasema yuko tayari kuingia kujibu mahali pa wifi, bora tu aandikiwe maneno. Wifi yote hayo anayajua. Hakuna kinachompita.

Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya ule uzi. Kisha akaupitisha mkono hewani kama anayepangusa meza. Akamtazama mtoto na kungoja.

Mjukuu wangu alivua vya masikioni, akapiga magoti mkekani mbele yetu, akaushika ule mkono wa wifi uliokuwa bado hewani, na wangu kwa mkono wa pili. "Bibi zangu," akasema, "hiyo sitaifuta, na simtii mtu mwengine hapo. Itakaa hivyo. Na nikizeeka mimi, nitamwambia atakayeishika baada yangu asiiguse."